Pepo aliyesema Kihispania na taa niliyomuahidi kwa mdomo wangu

Salaam wakuu. Nnachoandika humu nimekipitia mwenyewe, chumvi sijatia. Wa shirki na bid'a njooni taratibu, kwanza someni.

Mimi shule niliishia la tatu. Leo nna duka Darajani, nna boti Uroa, watoto wote wamesoma. Kwa mikono hii. Kwa hiyo nikijisifu mnisamehe, nnajisifu kwa haki.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana wa jikoni kwa mama mmoja Mcuba, mke wa mtaalamu aliyeletwa na serikali. Kihispania nikakiokota hapo hapo, kati ya masufuria na foleni ya sukari.

Nilikuwa namkopi kila neno. Akisema "yo misma", yaani mimi mwenyewe, na mimi "yo misma". Siku moja alicheka mpaka akakaa chini. Akanambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Misma mimi, mwanamke. Wewe mwanamme, mismo."

Neno lile nikalipenda mno. Ukishalitia, hakuna wa kuuliza tena ni nani. Kila kitu nikawa yo mismo, hata Ng'ambo wakaniita Mismo. Yule mama alipohama, mwenye Kihispania mtaani nikabaki mimi, na nikahakikisha watu wote wanajua.

Sasa nilikuwa namtaka binti mmoja wa Mlandege, Salma. Mama yake, Bi Mgeni, hanitaki hata kunisikia. Alisema mwanawe haolewi na mkosha masufuria.

Mara Bi Mgeni akaugua. Hali, hanywi, hafumbui macho. Hospitali hawakuona kitu. Akaletwa fundi wa pepo, ubani ukafukizwa, pepo akapanda, lakini anachosema hakieleweki. Si Kiarabu, si Kibuki cha pepo wa Madagaska. Fundi akasema pepo asipoelewana na watu huondoka na mgonjwa.

Salma akasikia "misma" katika yale maneno. Akasema niitwe.

Wakuu, niliingia kifua mbele. Moyoni nnajua nakwenda kuumbua uongo.

Bi Mgeni alikuwa amekaa wima juu ya mkeka, macho yamefumba, anasema Kihispania safi kuliko changu. Huyu ni mzaliwa wa Makunduchi, hajapata kukanyaga nyumba ya mzungu. "Yo misma," akasema, nikajua aliye ndani ni mwanamke.

Alisema kuna nyumba Shangani, yeye mwenyewe alikuwa akikaa ghorofa ya juu, sasa iko giza. Anataka taa dirishani kila Alhamisi, jua likizama. Nyumba naijua. Ilifungwa tangu wenyewe walipoondoka sitini na nne.

Nikawatafsiria. Kaka wa mgonjwa, Mzee Haji, akanituma: "Mwambie tumekubali. Sisi jamaa zake tutawasha."

Nikageuka, Salma ananitazama. Maneno ya Mzee Haji nikayaacha, nikatoa yangu.

"Yo mismo."

Bi Mgeni akafumbua macho. "¿Tú mismo?" Yaani, wewe mwenyewe?

"Yo mismo," nikarudia, tena kwa sauti.

Akatabasamu, akalala. Alipoamka aliomba uji.

Fundi akanivuta nje, akauliza nimesema nini. Nikamweleza. "Mwanangu, pepo hashikani na ukoo. Anashikana na mdomo uliotamka."

Basi, Salma nikapewa. Na kila Alhamisi nikawa nakwenda Shangani na kandili, mlinzi wa nyumba ananifungulia, napanda. Tulijaribu kumtuma Mzee Haji. Taa iliwaka vizuri tu, lakini Bi Mgeni akaacha kula mpaka nilipokwenda mimi.

Ikatokea Alhamisi moja gari limeniharibikia Uroa, mvua haikati. Nilijua nikirudi nakuta sanda inakatwa.

Kesho yake naingia Mlandege, Bi Mgeni yuko uani anachagua mchele. Mzima. Nikashukuru, nikadhani nimesamehewa. Nikapita Shangani kuchukua kandili langu.

Mlinzi amenuna. "Jana umekuwaje, nakusalimu huitiki?"

Nikamwambia jana sikuwepo mjini.

Akanitazama vizuri. "Mimi nimekufungulia. Ukapanda. Nimekungoja ushuke, hukushuka."

Nilipanda mbio. Chumba kitupu, kandili linawaka.

Wakuu, somo langu ni hili: mjumbe hauawi, lakini akishaongeza lake si mjumbe tena. Ukitumwa kusema, sema ulichotumwa.

Bi Mgeni yu hai, kikongwe sasa, anakula vizuri. Nyumba ile nimeikodi mimi, na Alhamisi silali nje ya mji. Anayejua namna ya kumrudishia pepo ahadi bila mgonjwa kudhurika aandike hapa chini, hata wa kubeza karibuni.

Ila chumba kile nikifika hubisha hodi kwanza. Aliyepanda siku ile kwa sura yangu, mpaka leo hakuna aliyemwona akishuka.