Antena ya Mfuniko wa Pilau

Mjukuu wangu Hodan, anayeniandikia maneno haya, ndiye asili ya aibu ninayoisimulia. Alipochaguliwa kughani shairi katika televisheni huko Nairobi, nilitangaza kwamba televisheni ni kazi ya wavivu, nami sitaitazama. Yetu ilikuwa imeng'olewa antena na upepo, kwa hiyo siku ilipofika jamaa wote walikwenda kwa jirani. Mimi nilisema nitabaki na mbuzi.

Walipoondoka tu, niliufunga waya wa uzio kwenye mfuniko wa sufuria ya pilau, nikauchomeka nyuma ya televisheni. Niliuweka mfuniko dirishani, kisha juu ya kabati. Picha ikaja vipandevipande. Nilipouinua kwa mikono yangu, ikatulia. Lakini mikono ya mzee huchoka upesi. Nikapanda juu ya kigoda, nikauvaa mfuniko kichwani, juu ya kofia.

Ndipo mke wa mwanangu, Halima, alipoingia mbio na majirani wawili, kuuchukua mfuniko uleule wakafunikie pilau kwa jirani.

"Awoowe! Babu, umevaa nini?"

"Na mbuzi je," akauliza jirani mmoja, "wamo humo ndani ya televisheni?"

Wakaangua kicheko. Papo hapo Hodan akatokea kwenye kioo, shingo wima, akaanza kughani. Kama ningeshuka, angetoweka. Nikabaki juu ya kigoda, machozi yakinilowesha ndevu mbele ya wanawake watatu.

"Nyamazeni," nikawaambia. "Mtoto wangu anasema."