Beti Zilizosukwa na Ukili

Juzi nilikwenda duka moja la Kisauni kutoa nakala ya cheti cha kifo cha mke wangu. Mbele yangu mtafiti anayefuatilia maisha ya ukoo wa washairi mashuhuri wa mtaa ule alikuwa akimwomba mjukuu wao, bi mkubwa mwenye buibui, daftari la babu yake.

“Lilioza kwa mvua, mwanangu.”

“Basi mashairi yamepotea!”

“Yapotee vipi nami ni hai? Nyanya alitusomesha yote kwa moyo tukisuka ukili wa mikeka. Andika, wacha kulia!”

Akaanza kughani, kidole kikigonga meza kila kituo. Mwenye duka akazima mashine yake ya kunakili apate kusikia.

Alhamdulillahi. Marehemu mke wangu hakuacha hata barua, lakini dua alizowafundisha watoto wetu jikoni, huzisoma hadi leo bila kukosea.