Mbao Zilizomwongoza Mama

Nakumbuka siku moja ya mvua huku kwetu Nyamitaba, nilipomwambia fundi, "Ondoa mbao zote." Mwanangu, laiti ningelimeza neno lile.

Nyumba aliiacha marehemu baba. Ni ya mbao za mkaratusi juu ya mawe, na sakafu ilikuwa imeanza kuoza karibu na mlango. Binti yangu alikuwa ameposwa na watu wa Butembo, wenye maduka na malori. Niliona haya wageni wa mahari wakanyage mbao zinazolia. Nilitaka simenti, na juu yake karo, vile vigae vinavyong'aa.

Mama yangu, aliyekuwa haoni, sikumuuliza. Aliposikia nyundo, akaja akigusa ukuta.

"Bahati, za mulango njo zimeoza. Hizi zingine ziko nzima. Unazitoa juu ya nini?"

"Mama, watatucheka. Nyumba inalia kama mbuzi!"

"Iache ilie. Inaniambiaka fasi niko, kama ni ku mulango ao ku jiko."

Fundi akacheka. "Koko, nyanya yetu, kwa karo utatembea kama bibi ya gavana!"

"Bibi ya gavana iko na macho," mama akajibu.

Sote tukacheka, mimi kuliko wote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa na macho, lakini ile sakafu sikuijua kama yeye.

Wageni walikuja, wakasifu. Jioni, walipokwisha kuondoka, nilimkuta mama amesimama katikati ya sebule, mikono mbele. Katika nyumba aliyoingia akiwa bibi arusi, aliniuliza, "Bahati, niko wapi?"

Nilitaka kumrudishia mbao zake. Tulikuwa tumezichoma, tukipikia wageni.

Mwanangu, ukitaka kubadilisha sakafu ya nyumba ya zamani, usianze na fundi. Gonga ubao mmoja mmoja. Uliooza uutoe, mzima uuache. Kabla ya hayo yote, muulize anayeikanyaga kila siku, hata kama ni mzee wa kukaa jikoni. Macho ya wageni hulala kwako usiku mmoja tu.

Mungu akujalie paa lisilovuja, na wazee wanaokwenda watakako bila kushikwa mkono. Karo zangu zinang'aa hadi leo. Mama hakutembea tena peke yake katika nyumba yake. Alikaa kwenye kiti nilichomwekea, mpaka alipokufa.