Mchezo wa Kikaburu Niliouharibu

Wasomaji, nacheka nikiandika haya, lakini siku ile sikucheka. Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu karibu na Magwagwa. Kabla ya hapo niliwahi kukamua ng'ombe wa kaburu mmoja kule Eldoret, basi nikawa najigamba kwamba Kikaburu, lugha yao, nakijua kama Ekegusii, lugha yangu ya mama.

Bi Hanna, muuguzi aliyetoka Afrika Kusini, aliniamini. Akaniletea tamthilia ya Kikaburu, kitabu chenye picha. Ilianza kuigizwa kanisani kijijini kwao, yeye akiigiza yule binti wa hadithi, kisha ikachezwa hata kwenye kumbi kubwa za mjini.

"Mwalimu, ifasiri, wanafunzi waicheze," aliniomba. "Nimekumbuka nyumbani."

Ningemwambiaje kwamba nilijua maneno ya zizini tu? Nikafuata picha. Ya mwisho ilionyesha watu nadhifu mbele ya kanisa, wameshika maua. Nikasema hii ni harusi, nikamtafutia binti bwana arusi na nyimbo za kuchezea.

Siku ya maonyesho akina mama walipiga vigelegele mpaka wakasimama. Bi Hanna, aliyeketi mbele, alikuwa akilia. Nikajua nimemgusa moyo, nikamwendea kifua mbele.

"Umefurahi, Bibi?"

Ukumbi mzima ukatega sikio. Akanishika mkono kwa upole, kama anavyowashika wagonjwa.

"Mwalimu," akasema, "yule binti hufa. Yale yalikuwa maziko yake."