Nyumba Isiyopasuka

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama ulipoanguka, dada yangu alitaka mama ahamie kwake Kaplong. Mama akakataa katakata. Baba amezikwa pale pale nyuma ya nyumba. "Huyu mzee nitamwachia nani?" akauliza, kana kwamba baba alikuwa mgonjwa tu.

Kosa halikuwa la ukuta. Boma letu liko bondeni, chini ya mashamba ya chai, na udongo wa pale ni kigeugeu: jua likiwaka unapasuka, mvua ikinyesha unavimba. Utotoni mwangu hilo halikumsumbua mtu. Kila Desemba, kabla ya Krismasi, akina mama majirani walikuja kukandika nyufa. Walikanyaga udongo, kinyesi cha ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, sketi wamezikunja magotini, wakisengenya nusu ya kijiji. Sisi watoto tulitumwa maji mtoni hadi tukanuna. Harufu ya ukuta ule mbichi naitamani mpaka leo kuliko rangi yoyote ya dukani.

Nikamwambia mama tutajenga upya, lakini tuanze na udongo wenyewe. Nimewahi kufanya kazi ya barabara upande wa Bomet, na huko niliona taka za plastiki zikikatwa vipande vyembamba, zikachanganywa na udongo na saruji kidogo, kisha zikashindiliwa mpaka pakawa pagumu. Mama akacheka. "Si hiyo ni nyasi tu? Mmebadilisha jina."

Hata hivyo alikusanya chupa za plastiki za soda soko zima. Nilijiponza mwenyewe kwa kumtajia neno taka. Jumamosi nilimkuta amechemsha sufuria ya maji, anaosha chupa moja moja vile anavyoosha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Zote zilikuwa zimejikunja, hazikatiki. "Taka haiwezi ingia kwa nyumba yangu," akasema. Hasira ilinipanda, kisha nikacheka mpaka nikaketi chini. Tukatafuta chupa nyingine, akaziosha kwa maji baridi.

Akina mama walewale wakaja kuzikata, wamezeeka sasa, makasi mikononi, midomo haijapumzika. Ilikuwa siku tamu sana. Baadaye mafundi walichimba, wakachanganya, wakashindilia, wakapandisha matofali.

Misimu ya mvua imepita na nyumba haina ufa hata mmoja. Hakuna tena anayetaja Kaplong. Nilijivuna, na sioni haya kusema.

Desemba iliyopita nilimkuta mama ameketi mlangoni na birika kubwa la chai na vikombe vingi mezani. Njiani hapakuwa na mtu. Nikamuuliza anangoja wageni gani.

Akapitisha kiganja ukutani, polepole, kutoka juu mpaka chini.

"Hii nyumba yako haipasuki," akasema. "Sasa hao watakuja kufanya nini?"