Mara Saba Mbele ya Hakimu

Bi Vumbi hakupewa jina hilo kwa ubaya. Kila jioni alitoka kwenye ghala la nyaraka za mahakama nyusi zake zikiwa nyeupe kwa vumbi, na jina hilo mwenyewe akalizoea. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa aking'oa pini zilizoshika kutu na kupiga brashi kurasa zilizotafunwa na mende.

Asubuhi moja alifika mwalimu mstaafu, mkongojo mkononi.

"Mwanangu, natafuta kesi ya mama yangu," alisema. "Nimelelewa kwa baba. Huko niliambiwa mama alinitupa, akaenda zake. Juzi shangazi, akiwa hoi kitandani, akaniambia mama na baba walifikishana mahakamani."

"Mwaka gani, mwalimu?"

"Nilikuwa sijaanza shule."

Bi Vumbi alipekua rejesta za miaka mitatu. Katika ya pili, jina la mama likajitokeza, na namba ya jalada pembeni. Akaenda rafuni mbiombio. Nafasi yake tupu. Mwingine angesema limepotea. Yeye aliketi juu ya ngazi akawaza: kesi ikikatiwa rufaa, jalada husafiri kwenda mahakama ya juu. Akahamia upande wa mafurushi ya mahakama hiyo, akafungua furushi la kwanza, la pili, la sita. Katika la tisa akalikuta, limegandana na kesi ya wizi wa baiskeli.

Alibandua kurasa taratibu, akamsomea mzee, maana miwani yake ilishaingia ukungu. Mama yule alisimama mbele ya hakimu mara saba kumdai mwanawe. Karani aliandika maneno yake kama yalivyotoka: "Sitaki kitu kingine. Mtoto akiniona analia, na mimi nikimwona nalia. Naomba nipewe." Rufaa yake ilitupwa.

"Mara saba?" mwalimu aliuliza.

"Mara saba. Na kila safari siku mbili kwa miguu, amesema hapa."

Mzee alicheka huku akifuta machozi. "Nina miaka sabini na sita," alisema, "leo ndiyo najua sikutupwa."

Aliondoka na nakala ya kuwaonyesha wajukuu. Mchana huo Bi Vumbi hakwenda kula. Alimpigia simu dada yake, maneno yakikanyagana, mpaka dada akamwambia, "Vuta pumzi kwanza, utazimia."

Kesho yake alimwomba mkuu wake ruhusa ya kuorodhesha kesi zote za watoto zilizozama kwenye mafurushi ya rufaa. Mkuu akamkumbusha kwamba mafurushi yalikuwa mia nne.

"Ndiyo maana naomba nianze leo," alisema, na glavu alikuwa ameshazivaa.