Nilimtania Jenerali Asiye Mtani Wangu

Nimekosa, na nusu ya kosa langu ilionwa na watu wengi mno hata kuificha hakuna maana. Kijiji chetu kizima cha Kurui kilikuwepo. Jeshi lilikuwepo. Ninayoungama hapa zaidi ni ile nusu ambayo hawakuiona.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu, na kwetu utani ni haki ya mtu. Mtani unamtukana mbele ya wakwe zake na jogoo wake unamchukua mchana kweupe. Akifa, unavaa nguo zake msibani, unamwigiza, unazuia jeneza mpaka wenyewe wakubembeleze. Hapo hakuna wa kukasirika.

Sasa, yule mzee alipostaafu jeshi alinunua shamba jirani na langu, akaleta ng'ombe. Tukaambiwa ni Jenerali, aliongoza watu vita vya Kagera, na wako wanaopumua mpaka leo kwa sababu aligoma kuwapeleka mahali alipojua hawatarudi. Kijiji kikamheshimu mpaka kikamwogopa. Akiingia dukani, waliokaa wanasimama. Mwenyekiti wetu wa kijiji, ambaye hata jandoni nasikia alilia, alikuwa anampigia saluti.

Mimi nilimuuliza tu, "Mzee, kwenu wapi?"

"Mwanza," akasema.

Basi. Katoka Mwanza, ng'ombe anao, mengine nikamalizia mwenyewe. Nikamvua kofia, nikaivaa, nikamwambia, "Karibu, mtumwa wangu. Ulikuwa unafuata mkia wa ng'ombe ndiyo ukapotelea huku?"

Akanitazama kidogo, kisha akacheka. Siku ya pili alipita kwangu asubuhi, akasimama uani. "We Mzaramo, leo umeamkaje mapema? Ngoma jana haikukesha?"

Nikajua nimepata mtani. Miaka yote iliyofuata sikumwamkia hata mara moja. Nilimwita mtumwa, nikala majogoo yake, naye akanisema uvivu na ngoma mbele ya wanangu. Mkewe, mama mtaratibu wa kutosha, alikuwa anatusikiliza huku akichambua mboga, hasemi neno. Nikadhani hapendi kelele.

Jenerali akafariki.

Siku ya mazishi niliingia chumbani kwake, nikavaa koti lake la mvua na mabuti yake ya zizini, nikatoka. Wanajeshi walikuwa wamelibeba jeneza limefunikwa bendera, wanakwenda kwa hatua zao za taratibu, padri mbele. Mimi nikajilaza njiani, chali.

"Hapiti mtu!" nikasema. "Huyu mtumwa wangu anatoroka kazi. Nani atachunga?"

Wenzangu wa Kurui wakacheka. Wanajeshi wakasimama, jeneza begani, jasho linawatoka. Ofisa mmoja kijana akainama akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, unaumwa?"

Nikasubiri ndugu zake wanijibu, maana utani bila majibu ni kelele za mtu mmoja. Kimya. Nikaongeza. Nikaigiza anavyotembea na anavyokohoa. Kimya. Kisha mzee mmoja wa ukoo akauliza, "Huyu mama ni nani?"

"Ni mtani wenu!" watu wangu wakamjibu.

"Mtani kwa lipi? Sisi ni Wakerewe."

Ukerewe, ndugu zangu. Mkoa wa Mwanza, ndiyo, lakini kisiwani. Si Wasukuma, na sisi Wazaramo hatuna utani nao wowote. Nilikuwa nimelala chini mbele ya maiti ya watu, nimevaa mabuti ya marehemu, sina udhuru wowote.

Nikainuliwa kwapani na wanajeshi wawili, nikawekwa kando kama mzigo. Zilipopigwa risasi za heshima nilidhani ni zangu, nikaingia kwenye mihogo. Sikutokea tena. Siku ileile nilipanda bodaboda na lile koti lake mwilini, nikahamia kwa binti yangu Soga, Kibaha.

Kila binti aliponiuliza ninarudi lini, nilimjibu nimekuja kuangalia treni mpya.

Sasa ile nusu ya pili. Mjane alinipigia simu. Alipiga sana, wiki ile na miezi iliyofuata. Sikupokea. Nilijua anataka kunisema, na haki yake ilikuwa kunisema, lakini moyo wangu ulikuwa mwoga. Nilimpenda yule mama, ila aibu yangu nikaipenda zaidi. Mwaka ukakatika.

Ilipokaribia misa ya kumbukumbu, akaja mwenyewe Soga. Nikapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo mama. Nisamehe, sikujua."

"Marahaba. Simama. Yeye alijua tangu siku ya kwanza."

Nikasimama, nikamvutia kigoda.

"Alirudi nyumbani bila kofia, anacheka mpaka akakaa chini," akasema. "Nikamwambia, mweleze huyo mama ukweli. Akasema, 'Usithubutu. Akijua, ataanza kunipa shikamoo kama wengine.' Majibu yote aliyokuwa anakurudishia alifundishwa na kijana wetu wa kuchunga ng'ombe, ambaye ni Msukuma. Jioni anayakariri, mimi namsahihisha."

Nikataka kucheka, ikatoka kwikwi.

"Mwaka mzima watu wanakuja kwangu," akaendelea. "Wanakaa wima, wanasema shujaa, shujaa. Kweli alikuwa shujaa. Lakini nilimtaka mtu mmoja aje anikumbushe anavyokohoa. Nakupigia, hupokei."

Neno hilo liliniuma kuliko yote ambayo angeweza kunitukana.

Siku ya kumbukumbu nikasimama kaburini, wanajeshi wamejipanga, ukoo wa Ukerewe wote macho kwangu. Nikajikuta nasema, "Shikamoo, Jenerali."

Mjane akanifinya. "Hapana. Sema vizuri."

Nikavuta pumzi. "We mtumwa, jua limetoka, ng'ombe hawajanywa maji, umelala tu. Ukerewe ndivyo mnavyofundishwa?"

Mjane akacheka kwa sauti, mwili mzima, akanishika bega asianguke. Wanajeshi walibana midomo, wakashindwa.

Ndugu msomaji, kabla hujamvua mtu kofia, muulize kabila lake, tena umuulize yeye, usijijibu. Lakini ukishakosea, pokea simu. Mimi niliogopa tusi ambalo halikuwepo, na kwa ajili hiyo mama wa watu alikaa mwaka mzima na sifa za mumewe, hana wa kucheka naye.